Baba Amekunywa Uji

Bwera,
Jumamosi, 23 Agosti 2025

Kwako dada yangu mpendwa Proscovia Mbambu,

Kabla hujatafuta mahali pa kukaa uisome barua hii, pokea habari moja: hapa kwetu hakuna aliyekufa. Baba ni mzima, mimi ni mzima, dada zetu wakubwa ni wazima huko walikoolewa, na yule mbuzi wa sikio moja bado anakula maharagwe ya jirani. Naanza hivyo kwa sababu kama redio yenu iliikamata Kasese jana jioni, ulisikia jina lako likisomwa, na najua moyo wako ulikimbilia wapi. Urudishe polepole. Nitakueleza.

Sasa nikusalimu inavyotakiwa. Hamjambo huko Mutwanga? Mgongo wa shemeji Achille umepoa? Na Benedicte ana meno mangapi? Mariat ananiambia kila ndege anayepita mtoto anamwita kuku, hata kunguru. Nimecheka, halafu nikakumbuka kwamba mtoto huyo sijamwona hata mara moja.

Naandikia hapa kwa Mariat, juu ya meza anayokunjia vitenge vyake vya sokoni. Jumatatu anavuka mpaka, na barua hii itakuwa ndani ya kile cha kijani. Nimeandika kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu, kwa sababu nataka shemeji aisome mwenyewe, asitafsiriwe. Humu mna maneno yake. Kwenye simu nisingeweza. Ile ya kwenu inakatika kila mtu anapotaka kusema jambo la maana.

Barua yako ya Pasaka ninayo mkobani hadi leo. Uliandika kwamba hutamleta Benedicte kwenye nyumba ambayo baba yake aliwekewa benchi nje kama mtu aliyekuja kudai kitu. Uliandika pia kwamba Mama aliondoka bila kulitaja jina la Achille hata mara moja. Nilisoma mstari huo mara nyingi. Nilitaka kukujibu siku ileile, nikashindwa, maana jibu lake lilikuwa na mlango ambao mimi mwenyewe niliufunga.

Nianze na redio. Ile intanshipu niliyokuambia imekwisha jana. Chuo kilinipeleka kwenye redio moja pale Kasese mjini, miezi miwili na nusu, na kwa kuwa wenzangu walitaka habari za mpira na muziki, mimi nikapewa matangazo ya Kiswahili: ng'ombe waliopotea, vitambulisho vilivyookotwa, mikutano, wagonjwa, na vifo. Chumba cha kusomea ni kidogo kama jiko la Mama. Kutani wamebandika trei za mayai ili sauti isirudi. Taa nyekundu ikiwaka, hata nzi anatembea kwa adabu.

Dada, nilikipenda chumba kile. Nikisoma, niliiona sauti yangu ikitoka kama moshi wa asubuhi. Inapita juu ya mabati ya mjini, inashuka mbugani walikosimama tembo, inafika Hamukungu na Kahendero watu wakitengeneza nyavu, kisha inageuka, inapanda kwetu Kyondo katikati ya kahawa, inauzunguka ukungu wa mlimani, inateremka upande wenu. Mara nyingine niliifuata mpaka nikasahau mstari niliofikia, na Afande akagonga kioo.

Afande ndiye mkubwa wa matangazo. Jina lake ni Yafesi, alikuwa mwanajeshi zamani, na Kiswahili chake ni cha kambini mpaka leo. Hakuniita kwa jina langu, aliniita Kyondo. "Kyondo, simama. Leta karatasi. Soma. Hapana kimbia, hapana mutu inakufukuza." Wiki ya kwanza nilikuwa nikisikia kiatu chake nasimama. Baadaye niliona kwamba kila asubuhi penseli yangu ilikuwa imechongwa, na hakuna mwingine mle ndani mwenye kisu.

Mwezi wa Julai alikuja mzee mmoja wa Hamukungu. Mke wake alikuwa anaumwa, na wanawe wako mbali kwenye mashamba ya watu. Nikamwandikia kama ninavyoyasikia matangazo tangu utoto: mama yenu ni mgonjwa sana, fikeni nyumbani bila kukosa. Afande akaichukua karatasi, akavua miwani, akamuuliza yule mzee, "Mama iko hai ama iko maiti?" Mzee alishtuka. Akasema yu hai kabisa, tena asubuhi hiyo amemtukana juu ya kuni mbichi.

Afande akanigeukia. "Kyondo, hii yako ni ya maiti. Maiti hapana kunywa uji. Kama mutu iko hai, mupe uji. Kama ilitukana bwana yake, andika ilitukana."

Wewe unajua, dada, na mimi nilijua bila kujua kwamba najua. Watu wetu hawamtangazii mtoto aliye mbali kifo cha mzazi wake. Wanasema ni mgonjwa sana, ili miguu imfikishe nyumbani kabla ya machozi. Na kwa kuwa tumefanya hivyo miaka yote, sasa kuanzia Bwera mpaka ziwani mtu akisikia "mgonjwa sana, fika bila kukosa", anatoa nguo ya msiba sandukuni. Afande alisema ni huruma nzuri, ila imewaachia wagonjwa wa kweli bila neno lao.

Basi nikasoma hivi: Mama yenu ni mgonjwa, ila leo amekunywa uji na amemgombeza baba yenu kwa sababu ya kuni. Anawataka. Wachuuzi walioko nje wakacheka. Baada ya wiki mbili akaja mwana mmoja wa yule mzee na ngege wawili wamefungwa kwa majani. Alisema walifika kesho yake, wakamkuta mama amekaa, na bado anagombeza. Tumukunde wa mapokezi akawapokea samaki kwa furaha. Mimi nikaenda nyuma, kwenye tangi la maji, nikalia mpaka kwikwi. Aliponikuta nikamwambia ni moshi. Akatazama huku na huku, akasema moshi huo naona mimi peke yangu.

Jana, basi, ilikuwa siku ya mwisho. Asubuhi nilirudisha kitambulisho na ufunguo wa kabati. Tumukunde alileta chapati za mayai, na kila aliyepita aliniuliza kama nitawasahau, huku akichukua kipande. Pale redioni wana desturi moja: anayeondoka husoma tangazo moja lake mwenyewe. Wengi huwasalimu wazazi na marafiki wa shule. Mimi langu nilikuwa nimeliandika mara tatu tangu Jumapili, siku ambayo Baba, aliyekuwa hajalisema jambo hili miaka miwili, aliweka jembe chini akasema, "Wewe sasa unakaa mahali wanaposoma. Lisome vizuri."

Nikampa Afande karatasi kwanza, kama siku zote. Alikaa nayo muda mrefu. Nilidhani atanifutia yote. Kisha akauliza, "Baba iko hai?" Nikasema ndiyo. "Na uji iko wapi?"

Dada, nilikuwa nimeusahau tena. Mara ya pili kwa mzazi wangu mwenyewe. Afande akaandika maneno matatu kwa mkono wake, kwa herufi kubwa za kambini, na nilipoingia ndani taa nyekundu ikawaka, nikasoma hivi:

Mbambu Proscovia wa Mutwanga, pamoja na mume wake Achille na mtoto wao Benedicte, wanaombwa kufika nyumbani Kyondo wakati njia itakapokuwa nzuri. Hakuna mgonjwa. BABA AMEKUNYWA UJI na anapalilia kahawa. Kiti kiko ndani.

Sauti yangu niliifuata mpaka mlimani, nikaipoteza kwenye ukungu. Sijui kama ilifika. Ndiyo sababu ya barua hii.

Sasa kaa, dada. Kama shemeji yuko karibu, naye akae.

Mama hakufa Jumanne.

Jumanne ile ya Novemba, mwaka juzi, nilishuka Kasese kwa bodaboda kupeleka tangazo kwenye redio, maana simu ya Achille ilikuwa imeshazama mtoni na hatukuwa na njia nyingine ya kukupata. Mama alikuwa hai. Ndiye aliyenituma. Nikaandika nilivyozoea kusikia: mgonjwa sana, afike bila kukosa. Nawe ukasikia tulivyozoea kusikia sote. Ukalia kwanza huko kwako, ukawangoja wanawake wa kanisani wachange unga, ukashona nguo, ukafunga kuni za matanga. Ijumaa saa tisa ukatokea kwenye njia ya chini na wenzako wawili, kilio kikaanzia kisimani. Mama alikuwa ameondoka siku hiyohiyo, saa nne asubuhi.

Ulimshika mkono. Ulisema baridi ya Kyondo imemtunza vizuri. Ukaniuliza, "Siku zote hizi mlikuwa mnaningoja mimi?" Nami nikasema ndiyo. Baba alikuwa mlangoni, akageuka akaitazama kahawa. Majirani wakainamisha vichwa. Ukanishukuru kwa kumweka. Ulinikumbatia, na nguo yako ilinuka moshi wa safari, na mimi nikakuacha unishukuru.

Nilijiambia nakupunguzia mzigo. Ilikuwa kweli kidogo. Kuna jingine ambalo hata Baba nimemwambia Jumapili tu.

Jumanne ile jioni redio ilikuwa kichwani pa kitanda, na tangazo liliposomwa Mama alilisikia. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Ithungu, umenitangaza kama maiti. Mbambu ataleta kuni." Nikacheka naye. Nilipokuwa naosha kikombe nikaelewa kwamba hakuwa akifanya mzaha tu. Kesho yake Baba alinitolea koti la mvua na kuniambia nishuke tena nikalirekebishe. Nikamwambia barabara inateleza. Barabara ilikuwa kavu, dada. Vumbi lilikuwa linapanda mpaka kwenye migomba.

Sikwenda kwa sababu nilimtaka Mama. Unajua nyumbani kwetu Mama alikuwa wa watu wote: wa dada zetu, wa kanisa, wa kahawa, wa kila mwenye homa kijijini. Siku zile alikuwa amelala, ananitazama mimi tu. Niliogopa nikishuka Kasese ataondoka nikiwa njiani. Nikachukua siku zako, nikaziongeza kwenye zangu. Hilo ndilo nililokufungia mlango miaka miwili, maana nisingeweza kukupa maneno yake bila kukwambia alikuwa na siku za kuyasema.

Sasa yapokee maneno yenyewe.

Jumatano asubuhi aliniambia nimfundishe Kiswahili.

Wewe unakumbuka alivyokikataza nyumbani. Unakumbuka siku Achille alipokuja mara ya kwanza na chupa ya mawese, akasema "Shikamoo, maman," na Mama hakujibu, akaniagiza nitoe benchi nje. Wewe ulidhani anamdharau kwa biashara yake ya mawese, na kwa kuwa ni mtu wa Bunia asiyejua lugha yetu. Nami nilidhani hivyo. Jumatano ile akanieleza. Alipokuwa msichana, lori walilopanda lilisimamishwa njiani na wanajeshi, wakashushwa wote, wakaambiwa kaa chini. Babu alikuwa amevaa kofia yake ya kwendea kanisani. Akakaa juu ya lami ya saa saba, mbele ya watoto wake. Kiswahili chote alichokuwa nacho Mama kilikuwa cha siku hiyo: kaa chini, toka, leta, simama. Alisema mtu akizungumza Kiswahili, magoti yake yanakunjika yenyewe. Hakumchukia mumeo. Magoti yake ndiyo yaliyoogopa.

Akataka neno moja tu la kumpokea mume wa Mbambu atakapoingia. Nikamfundisha: Karibu ndani, mwanangu. Tulifanya kazi hiyo Jumatano yote na Alhamisi yote, mvua ikiwa mbali, mwanga ukiingia kupitia tundu la bati na kutembea juu ya blanketi. Mwanangu alilipata upesi. Karibu ilimkimbia. Kila alipofungua mdomo lilitoka lile lile: "Kaa chini, mwanangu." Nikamrekebisha, akarudia, "Kaa chini, mwanangu." Tulicheka. Alhamisi jioni akaniambia basi, tuache, hicho ndicho Kiswahili alichopewa, na yeye atakitumia kwa kazi nyingine. Akalisema tena, polepole, kama unavyomwambia mtoto aliyetoka shule mbali na jua limempiga. Sijasikia neno likibadilika hivyo mdomoni mwa mtu.

Akamwagiza Baba alete kile kiti chake chenye mgongo, akiweke kando ya kitanda. "Hapa atakaa Asili." Jina la Achille hakuliweza, kwake lilikuwa Asili. Alilitaja siku zile kuliko langu. Asili anakunywa chai ya maziwa? Asili ana mama? Asili mgongo wake unauma kwa sababu ya madumu, mumwambie abebe machache. Ijumaa asubuhi alikunywa uji, mafunda mawili, akauliza mmefika wapi. Nikasema mmefika Bwera. Nilisema tu ili atulie. Baadaye nilikuja kusikia kwamba saa ile ndipo mlipokuwa Bwera hasa, na kwamba shemeji alibaki sokoni kwa sababu hakutaka kukaa kwenye benchi mbele ya waombolezaji. Basi Mama aliondoka akijua mko Bwera, nanyi mlikuwa Bwera. Hilo nalishika usiku na mchana. Sina jingine la kushika.

Kiti bado kiko kando ya kitanda. Hakuna aliyekikalia. Wageni wakija, Baba huenda kukaa nje kwenye benchi, na mwanzoni nilidhani anapenda upepo.

Sikuombi msamaha kwa karatasi, dada. Ni mbali mno, na wewe una haki ya kuniona uso ukinikasirikia. Njoo unikasirikie hapa. Nitachemsha maji ya kuoga, nitambeba Benedicte nimwonyeshe kuku wa kweli, na wewe utasema yote uliyo nayo. Ukiona huwezi kuja, mpe Mariat neno lolote, hata moja baya, nami nitalipokea.

Baba anawasalimu. Ameanza kuchuma kahawa ya mteremko wa chini, na amesema mkija atamwachia shemeji ule mti ulio karibu na kisima, ambao Mama alikuwa hataki mtu auguse. Mariat anawasalimu na kusema kitenge ni chako, usirudishe. Afande Yafesi naye, ambaye hamumjui, jana aliponipa mkono wa kwaheri alisema, "Kyondo, salimia ile watu ya ng'ambo." Alinipa na penseli, imechongwa. Ndiyo ninayoandikia.

Na wewe shemeji Achille, kama umesoma mpaka hapa, salamu yako niliyokaa nayo miaka miwili ni hii, kama ilivyotoka mdomoni mwake: Kaa chini, mwanangu.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Ithungu Tabisa

Leo asubuhi nimekunywa uji, hapa kwa Mariat.